Hatua kutoka Kituoni

Kutoka kituo cha basi la shule hadi mlango wa Sabela
ni hatua mia mbili na kumi na mbili.
Eladio wa baa alipata mia moja na tisini, ana miguu mirefu.
Kasisi alihesabu, akarudia, akakataa kusema.
Mji mzima wa Vilarmeán tulizihesabu,
usiku, chini ya mwavuli, tukijifanya tunamtembeza mbwa.
Uxía alikuwa na miaka saba.
Zake hakuna aliyezihesabu.

Polisi walileta wapiga mbizi mtoni,
wakaondoka Jumatano na makaratasi yao.
Tukabaki na midomo.

Alhamisi lilikuwa gari jeupe.
Kufika Jumapili limekuwa la kijivu, lina namba za Ureno,
kwa sababu Adérito, mume wa pili, ni Mreno,
na gari sharti litoke mahali.
Maruxa, akinifunga nywele kwenye rola, alisema:
"Mimi sisemi. Nasema tu."

Mpiga ramli akaja kutoka Lugo,
akaning'iniza timazi juu ya ramani.
Ikayumba, ikayumba, ikatulia kwenye doa la kahawa,
na wanaume kumi na wanne wakabeba majembe
wakaenda kuchimba pale penye doa.

Lisemwalo lipo, tuliambiana.
Kama halipo, laja.
Huu mwaka wa kumi na mbili. Bado laja.

Nami nina langu.
Nilikuwa nauza katika duka la dawa la dada yangu.
Siku ya tisa Sabela aliingia, koti limefungwa vifungo upande,
akaomba dawa ya macho.
Yamekauka, alisema, kama yana mchanga.
Nikampa kichupa, nikampa chenji, senti arobaini.
Jioni, nikikoroga kahawa kwa Eladio, nikasema:
"Macho makavu. Hata chozi."

Maneno manne. Niliyahesabu baadaye, kama zile hatua.

Kwa Maruxa yalikuwa: hakulia.
Kwa mwoka mikate: alicheka.
Wiki ya pili yakanirudia dukani
kinywani mwa mteja nisiyemjua, yamevaa nguo nyingine:
eti mama mtu alinunua vidonge vya usingizi, chupa mbili,
kabla mtoto hajapotea.
Sikuyatambua.
Nikaegemea kaunta, nikauliza, "Kweli?"

Karatasi iliyomo kisandukuni nilikuwa naijua kwa moyo:
macho hukauka kwa upepo, kwa uzee,
kwa kukesha.

Mtu akapaka mlango wao rangi nyekundu.
Adérito akarudi kwao Chaves, na kuondoka kwake kukawa ushahidi.
Angebaki, kubaki kungekuwa ushahidi.
Sabela alipokwenda misani tulisema anajionyesha;
alipoacha kwenda, tulisema dhamira inamsuta.
Alipanda vitunguu nyuma ya nyumba.
Mnaweza kubuni tulivyosema kuhusu vitunguu.

Sasa kila Desemba polisi hutoa picha mpya.
Wanamkuza Uxía kwa kompyuta:
mwaka huu ana kumi na tisa, nywele zimekatwa begani,
shingo ambayo hakuwahi kuwa nayo.
Tunasimama mbele ya ukuta wa posta tukibishana.
Pua ni ya Adérito, anasema Eladio,
na hakuna anayemkumbusha
kwamba Adérito hakuwa baba yake.

Nilitaka kumwambia. Mara tatu nilitoka nyuma ya kaunta.
Mara ya kwanza alikuwapo mteja.
Mara ya pili mvua.
Mara ya tatu aliniangalia kwa macho yale
nikamuuliza kama anahitaji mfuko.

Mwezi uliopita aliniuliza
kichupa kikishafunguliwa hudumu siku ngapi.
Ishirini na nane, nikamwambia.
Ni jambo pekee kuhusu nyumba ile
nililowahi kulisema nikiwa na hakika.